Kupiga Hodi Kwenye Skrini ya Kwanza

Skrini ya kwanza ya simu haina nafasi ya bure. Pale pana WhatsApp, kamera, M-Pesa au programu ya benki, tochi, pengine Biblia au Kurani, na mchezo mmoja wa mtoto ambao mwenye simu ameshindwa kuufuta kwa kuogopa kilio. Anayetaka kuingiza kingine hapo lazima awe na sababu nzuri. Ndiyo maana nawahusudu mafundi wa aina moja: wale wanaotengeneza tovuti ya kawaida, inayofunguka kwenye Chrome au Safari kama tovuti nyingine yoyote, halafu wakaifikisha mahali ambapo mtu, kwa hiari yake, anaiweka kwenye skrini ile kama programu kamili. Haikupitia Play Store. Haikupitia App Store. Hakuna aliyesubiri siku kadhaa ili mkaguzi wa kampuni ya Marekani aipitie na kuiidhinisha. Mtumiaji amegusa "Sakinisha", aikoni imetokea, na akiigusa inajifungua kwa skrini nzima, bila kisanduku cha anwani juu yake.

Kwa macho ni jambo dogo. Nyuma yake kuna kazi ya subira ambayo ikifanywa vizuri haionekani kabisa, na ikifanywa vibaya kila mtu anaiona.

Wazo lenyewe lina umri wa iPhone. Juni 2007, siku chache kabla simu ya kwanza haijaingia madukani, Steve Jobs aliwaambia watengenezaji wa programu kwamba wakitaka kuwafikia wenye simu hiyo watumie tovuti, maana mlango mwingine haukuwepo. Wengi walinung'unika. Januari 2008 simu ikaongezewa uwezo wa kubandika tovuti kwenye skrini yake ya kwanza. Julai mwaka huohuo App Store ikafunguliwa ikiwa na programu 500, na dunia nzima ikahamia dukani. Tovuti ikabaki na aikoni ya kubandika tu: ukiigusa ukiwa na mtandao inafunguka, ukiigusa pasipo mtandao unaambulia ujumbe wa kosa.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2015. Januari ya mwaka huo Chrome ilitoka na kifaa kipya ambacho nitakieleza kwa kirefu hapa chini, na Juni mhandisi Alex Russell, aliyekuwa Google wakati huo, pamoja na mbunifu Frances Berriman wakaipa aina hii ya tovuti jina: Progressive Web App. Mafundi huiita PWA. Ni tovuti inayoanza kama tovuti na kupanda ngazi kidogo kidogo, kadiri simu inavyoweza na kadiri mtumiaji anavyoiamini.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue kazi moja: daftari la kikoba. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Kikundi kinakutana kila wiki, wanachama wananunua hisa, wanakopa, wanalipa faini za kuchelewa, na katibu anaandika yote. Fedha ziko kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Sasa kikundi kinataka daftari liwe pia kwenye simu ya katibu na kila mwanachama aone salio lake. Simu zao ni Android za bei nafuu, nafasi imejaa video za WhatsApp, na mkutano unafanyika chini ya mwembe ambako mtandao unakuja na kuondoka. Ukiwaambia wapakue programu ya megabaiti arobaini, nusu ya wanachama umeshawapoteza.

Kazi inaanza na faili dogo linaloitwa manifesti. Ni maandishi matupu, mistari ishirini au thelathini: jina kamili, jina fupi, anwani ya kuanzia, rangi, orodha ya aikoni, namna ya kujifungua. Fundi mwenye pupa hunakili manifesti ya mtu mwingine, akabadilisha jina, akasonga mbele. Fundi mwenye subira anajua kwamba kila mstari humo utaonekana na mtu, tena kila siku.

Tazama jina fupi. Chini ya aikoni pana nafasi ya herufi kumi na mbili hivi, zaidi ya hapo simu hukata na kuweka vidoti. "Daftari la Hisa na Mikopo" litageuka "Daftari la H…", jina lisilomwambia mtu kitu. Kwa hiyo jina refu linawekwa pale litakapoonekana zima, kwenye dirisha la kusakinisha, na chini ya aikoni linakaa neno moja: "Kikoba". Herufi sita. Nimeona kampuni kubwa zikishindwa jambo hili.

Aikoni ndiyo inayokula muda. Fundi amechora sanduku la kijani lenye kufuli tatu, mbili pembeni na moja katikati, na kwenye kompyuta linapendeza. Tatizo ni kwamba kila simu ya Android hukata picha kwa umbo lake: moja inataka duara, nyingine mraba wenye pembe za mviringo, nyingine umbo lisilo na jina. Kufuli za pembeni zinaliwa. Kanuni iliyokubaliwa ni kwamba kila kitu cha maana kikae ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha asilimia 40 ya upana wa picha. Kwa picha ya pikseli 512, hilo ni duara la upana wa pikseli 409 hivi, na kilicho nje yake kiwe rangi ya nyuma tu, iliyotandazwa hadi ukingoni, ili mkasi wa simu upite popote bila hasara. Fundi anazivuta kufuli ndani. Kisha anaitazama aikoni kwa ukubwa wake halisi, ule wa ncha ya kidole gumba, na kugundua kwamba kufuli tatu zimekuwa matone matatu ya uchafu. Anafuta mbili. Wanachama watalalamika, maana kufuli tatu ndizo usalama wao, lakini kwa jicho lililo umbali wa mkono kufuli moja inasomeka na tatu hazisomeki.

Kwenye iPhone kuna hesabu nyingine. Simu hizo zinatumia picha ya pikseli 180 kwa 180 iliyotajwa ndani ya ukurasa wenyewe, na sehemu yoyote ya picha iliyoachwa wazi bila rangi hugeuka nyeusi. Aikoni iliyokuwa ikielea vizuri kwenye Android inatokea ndani ya mraba mweusi kama wa msiba. Dawa ni kutengeneza picha ya pili, iliyojaa rangi.

Halafu kuna rangi ya nyuma, mstari mmoja ambao wengi huuruka. Mtu akigusa aikoni kwenye Android, kabla ukurasa haujawa tayari simu humwonyesha skrini ya rangi hiyo na aikoni katikati. Ikiwa rangi hiyo ni nyeupe na ukurasa wenyewe una kichwa cha kijani kibichi, jicho linapigwa na mmweko. Hauchukui hata nusu sekunde. Hakuna mtumiaji atakayepiga simu kuulalamikia, ila atabaki na hisia kwamba kitu hiki ni cha kubahatisha. Fundi mzuri analinganisha rangi hizo mbili mpaka mpito usionekane.

Na kuna neno moja kwenye manifesti, "standalone", linaloondoa kisanduku cha anwani na vitufe vya kivinjari. Kulichagua ni rahisi, lakini linaleta wajibu, kwa sababu kitufe cha kurudi nyuma nacho kimeondoka. Kwenye Android mtu atatelezesha kidole au atagusa kitufe cha simu, atarudi. iPhone haina kitufe hicho. Mwanachama akifungua risiti ya mkopo na ukurasa wa risiti hauna mshale wa kurudi, atajiona amefungiwa humo. Kwa hiyo fundi anapita ukurasa kwa ukurasa akijiuliza swali moja: hapa natoka vipi? Ni kazi ya kuchosha, na hakuna darasa linaloifundisha.

Tumefika kwenye kile kifaa cha 2015. Kwa Kiingereza chao mafundi hukiita sevisi woka. Mimi nitamwita mtumishi. Ni faili la JavaScript ambalo kivinjari hulihifadhi na kuliendesha pembeni, nje ya ukurasa. Halioni ukurasa wala haligusi kilichochorwa juu yake. Kazi yake ni kukaa katikati ya ukurasa na mtandao: kila ukurasa unapoomba kitu, picha, orodha, salio, ombi hupitia kwa mtumishi kwanza, naye anaamua kama atalijibu kutoka kwenye akiba iliyo ndani ya simu, au atalipeleka mtandaoni, au vyote viwili.

Mamlaka hayo ni makubwa, ndiyo maana kivinjari hakimruhusu mtumishi kwenye tovuti isiyo na HTTPS, isipokuwa kompyuta ya fundi mwenyewe wakati wa majaribio. Mtu akiweza kupenyeza mtumishi wake kwenye tovuti yako, amekamata kila kinachoingia na kutoka. Zamani sharti hilo lingewaumiza wenye mifuko midogo, kwa kuwa vyeti vya usalama vilikuwa vya kununua. Desemba 2015 Let's Encrypt ilianza kuvitoa kwa umma bila malipo, na kizingiti hicho kikaanguka.

Kabla ya mtumishi kulikuwa na jaribio lingine lililoitwa AppCache. Ulikuwa unaandika orodha ya mafaili, kivinjari kinayahifadhi, basi. Lilikuwa rahisi mno, na hapo ndipo lilipoharibika, kwa sababu lilifanya maamuzi bila kumuuliza fundi. Hata mtandao ukiwepo lilikupa kwanza toleo la zamani, lilihifadhi kurasa ambazo hukuziorodhesha, na kulifanya litambue badiliko kulihitaji ujanja. Jake Archibald aliandika makala ya kulishutumu mwaka 2012, yenye kichwa cha matusi, kisha akawa mmoja wa walioandika kanuni za mtumishi. Fundisho walilolichukua ni kwamba kivinjari kisikisie: kimpe fundi vipande vidogo, uamuzi awe nao yeye.

Sasa tazama uamuzi huo ukifanyika kwenye kikoba. Sura ya programu, yaani vitufe, maandishi, rangi na michoro, haibadiliki kila saa, kwa hiyo mtumishi anaitoa kwenye akiba bila hata kuuliza mtandao. Ndiyo maana programu inafunguka papo hapo chini ya mwembe. Orodha ya wanachama hubadilika mara chache: mtumishi anaonyesha aliyonayo, na kimyakimya anaagiza mpya kwa ajili ya wakati ujao. Salio la mkopo ni habari nyingine. Hapo anauliza mtandao kwanza, na akikosa jibu ndani ya sekunde tatu hivi anatoa salio la mwisho alilolihifadhi. Fundi hodari haishii hapo. Anaandika chini yake kwa herufi ndogo: "Salio hili ni la Jumanne, saa 4 asubuhi." Salio la zamani lisilo na tarehe ni uongo, na kwenye kikoba uongo wa namna hiyo huvunja kikundi.

Hizo sekunde tatu zina sababu yake. Simu ina njia ya kuiambia programu kama iko mtandaoni, lakini njia hiyo inajua tu kwamba simu imeshika mnara au Wi-Fi. Haijui kwamba bando limeisha. Sisi tunaijua hali hiyo vizuri: alama za mtandao zimejaa juu ya skrini na hakuna kinachopita. Programu iliyotengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuishiwa bando itaamini zile alama, itazungusha kiduara chake mpaka mtu achoke. Fundi wa kwetu haamini alama. Anaamini jibu la seva, na lisipofika kwa wakati anaendelea na kazi.

Kusoma bila mtandao ndiyo nusu rahisi. Ugumu uko kwenye kuandika. Katibu ameingiza hisa tano za mwanachama, amegusa "Hifadhi", mtandao haupo. Programu ya ovyo itamwambia "Imeshindikana, jaribu tena", na hapo kazi ya mkutano mzima imesimama. Programu nzuri inaandika kwanza kwenye hifadhi ya ndani ya simu, halafu inapanga kutuma baadaye. Chrome ina utaratibu wa kumwamsha mtumishi mtandao ukirudi, hata kama programu imefungwa. Safari haina, kwa hiyo fundi anaongeza jaribio jingine kila programu inapofunguliwa.

Kisha inakuja hatari ambayo mhasibu yeyote ataielewa. Programu imetuma zile hisa tano, seva imezipokea na kuziandika, lakini jibu la "nimepokea" limepotea njiani kwa sababu mtandao ulikatika katikati. Programu haina habari. Inatuma tena. Mwanachama sasa ana hisa kumi. Dawa yake ni ndogo na ya kupendeza: kila ingizo hupewa namba yake ya pekee palepale kwenye simu, kabla halijatumwa. Seva ikiona namba ambayo imeshaiandika, inajibu "sawa" na haiandiki mara ya pili. Mistari michache tu ya msimbo. Ukitaka kujua kama unayezungumza naye amewahi kutengeneza kitu kinachotumika kweli au ametazama tu video za mafunzo, muulize swali hili.

Na usisahau maneno. Ingizo lililo kwenye simu tu na ingizo lililofika seva yasionekane sawa. Nimependa namna moja ya kuandika: "Imehifadhiwa kwenye simu hii. Itatumwa mtandao ukipatikana." Katibu anajua asiipoteze simu kabla ya kufika mjini. Linganisha na "Usawazishaji unasubiri", maneno ambayo ni Kiswahili kwa sarufi tu.

Kuna jambo jingine kuhusu mtumishi ambalo huwafanya mafundi wapya wapagawe: hafi kirahisi. Fundi ametengeneza toleo jipya, amelipeleka kwenye seva, anafungua simu yake, na toleo la zamani linamkodolea macho. Anaupakia upya ukurasa, bado. Kivinjari hakijaharibika. Kimelipata faili jipya, kimelilinganisha na la zamani baiti kwa baiti, kimeona tofauti, kimemsakinisha mtumishi mpya, halafu kimemwambia angoje. Wa zamani bado ana kurasa anazozihudumia. Mpya ataingia kazini pale kurasa zote za zamani zitakapofungwa.

Mwanzoni utaratibu huu unaonekana ni ukaidi. Ukiutafakari utaona ulivyo na busara. Mtumishi mpya akiruhusiwa kushika kazi katikati, ukurasa uliofunguliwa kwa maandishi ya jana utaanza kupewa msimbo wa leo, na viwili hivyo huenda havielewani. Katibu yuko katikati ya kuingiza faini za wiki, fomu inapotea. Ipo amri ya kumwambia mtumishi mpya asingoje, nayo imo kwenye mafunzo mengi ya intaneti kana kwamba ni chumvi ya kutia kila mahali. Fundi mwangalifu haitumii hivihivi. Anaweka mstari mdogo chini ya skrini: "Toleo jipya lipo. Gusa kulifungua", na anahakikisha mstari huo hautokei fomu ikiwa imejazwa nusu. Katibu ndiye anayechagua saa.

Kwa kuwa mtumishi mbovu anaweza kung'ang'ania kwenye simu za watu, kanuni zinakilazimisha kivinjari kisiamini nakala ya faili lake iliyozidi saa 24 bila kuuliza seva upya. Mafundi wenye uzoefu huweka pia faili la dharura, tayari, ambalo kazi yake pekee ni kufuta akiba na kujiondoa. Hulitumii, lakini unalala vizuri.

Baada ya haya yote ndipo linakuja swali la kusakinisha, na hapa ndipo adabu ya fundi inapoonekana. Kwenye Android, Chrome ikiona tovuti imetimiza masharti, humpa fundi taarifa na kumruhusu alizuie dirisha la kuuliza, alishike, alitoe wakati anaoona unafaa. Wengi humwomba mtu asakinishe anapoingia tu. Hiyo ni kuingia nyumba ya watu bila hodi. Mgeni wa kwetu hupiga hodi, husubiri, na akijibiwa kimya mara tatu anaondoka zake. Kwenye kikoba saa nzuri ni pale katibu amemaliza mkutano wake wa kwanza, hesabu zimelingana, anaona jumla. Hapo kitufe kidogo kinaweza kusema: "Weka Kikoba kwenye simu yako, ifunguke hata bila mtandao." Akikataa, kinanyamaza, kinabaki kwenye ukurasa wa mipangilio kwa atakayekihitaji. Kivinjari chenyewe kimesaidia adabu hii: dirisha hilo halifunguki ila mtu awe amegusa kitu, na kila taarifa hutumika mara moja tu.

iPhone haina dirisha hilo. Mtu lazima aguse alama ya kushiriki, ashuke kwenye orodha, atafute maneno ya kuongeza kwenye skrini. Fundi hana la kufanya ila kumchorea njia: picha ya alama yenyewe, mshale, maneno mawili. Kwa miaka mingi Apple imeliacha jambo hili likiwa limejificha, na sioni sababu ya kiufundi ya kuficha. Mtumishi mwenyewe aliwafikia wenye iPhone Machi 2018, miaka mitatu baada ya Chrome, na arifa kwa programu zilizowekwa kwenye skrini zikaja Machi 2023. Mwanzoni mwa 2024 Apple ilitangaza kuziondoa programu hizi kwa watumiaji wa Umoja wa Ulaya, ikitaja sheria mpya ya masoko ya kidijitali. Watengenezaji walipiga kelele, na tarehe 1 Machi kampuni ikarudi nyuma. Anayejenga juu ya mlango wa mwingine ajue kwamba ufunguo hauko kwake.

Hata hivyo zipo kazi zilizothibitisha kwamba njia hii inabeba mzigo. Flipkart, duka kubwa la mtandaoni la India, ilifikia kufunga tovuti yake ya simu ili wateja wote wapakue programu, kisha Novemba 2015 ikarudi na Flipkart Lite, tovuti ya aina hii hasa. Twitter Lite ya Aprili 2017 ilikaa kwenye simu kwa chini ya megabaiti moja. Tangu 2017 Chrome ya Android haibandiki aikoni tu. Huifungia tovuti ndani ya kifurushi halisi cha Android, nayo ikatokea kwenye orodha ya programu na kwenye mipangilio ya simu, ikafutwa kama programu nyingine.

Sifa hizi zisimfanye mtu adhani kila kitu kinafaa kuwa hivi. Mchezo mzito, au programu inayohitaji kuzungumza na vifaa vya simu usiku kucha, bado ina sababu ya kwenda dukani. Na kutokuwepo kwa mkaguzi kuna upande wake mbaya: tapeli naye anaweza kutengeneza aikoni nzuri yenye jina la benki yako. Soma anwani kabla ya kusakinisha, maana baada ya hapo kisanduku cha anwani hakipo tena.

Jambo la mwisho. Masharti yamelegezwa. Zamani Chrome ilidai tovuti iwe na mtumishi ndipo isakinishwe. Siku hizi manifesti na HTTPS vinatosha. Maana yake aikoni peke yake haikuambii kama ndani kuna kazi au hakuna. Kipimo kiko mikononi mwako. Sakinisha programu, itumie siku moja mbili, kisha washa hali ya ndegeni na uiguse aikoni. Kama inafunguka, inakuonyesha ulichoandika jana, inakupa tarehe ya ulichokiona na kupokea unachoandika leo bila kukulaumu, iache pale kwenye skrini. Kama inakupa ukurasa wa kosa, ifute na nafasi hiyo umpe mwingine.